Bang Hyeontak, Aliyefunza Mbwa Kunyamaza (1950–2023)

Tumesimama chini ya kilima cha ukoo wa Bang, wilaya ya Goesan, leo Jumamosi tarehe 18 Novemba 2023, ili tumpandishe kaka yangu Bang Hyeontak walipolala baba na mama. Mimi ni Bang Oksim, dada yake pekee. Mchungaji ameniomba nisome maisha ya marehemu kwa upole. Nimeuza samaki wakavu sokoni Icheon miaka thelathini, upole wangu mnaujua. Haya yote yamechapwa asubuhi ya leo kwenye karatasi mlizoshika, kwa hiyo hata mtu akininyamazisha mtayasoma wenyewe.

Kabla sijaanza, angalieni picha ya marehemu. Imewekwa kwenye meza ya kukunja karibu na gari la jeneza, na hakuna aliyeishika. Kwetu picha hutangulia, jeneza hufuata, na anayeishika picha ni mtoto wa marehemu. Marehemu alikuwa na mtoto mmoja, Garam, na Garam yupo hapa. Lakini mabwana sita wa chama cha wafunza mbwa, walioahidi kubeba jeneza, jana walituma wenzao waniambie kwamba Garam akishika picha wao hawabebi. Gari nalo haliwezi kupanda kilima hiki. Ndiyo maana picha iko mezani. Nitasoma kwanza.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1950 katika kijiji hikihiki, mtoto wa kwanza wa Bang Deoksu na mkewe, wakulima wa mahindi na pilipili. Vita vilimpitia akiwa mgongoni mwa mama. Mimi nilizaliwa miaka saba baadaye, na kati yetu walikuwepo wengine wawili ambao hawakukua.

Nyumbani tulikuwa na mbwa wa rangi ya manjano asiye na jina, kama mbwa wengi wa siku zile. Kila kiangazi joto lilipopanda, mnunuzi alipita na baiskeli akipaza sauti, "Mbwa, tunanunua mbwa," na nyumba kwa nyumba mbwa waliondoka kwenda kuwa supu. Hakuna aliyeona ajabu. Marehemu, akiwa na umri wa miaka kumi, aliona ajabu. Kila aliposikia kengele ya baiskeli alimkimbiza mbwa katikati ya mipilipili, akamlaza chini na kumziba mdomo kwa kiganja mpaka mnunuzi apite. Baada ya muda kiganja hakikuhitajika tena. Kengele ikilia, mbwa alikwenda mwenyewe kwenye mipilipili akalala kimya. Baba alimtafuta kiangazi kizima asimpate, akamaliza hasira kwa kumchapa mwanawe kwa mpini wa jembe.

Mwaka uliofuata baba alimfunga mbwa kamba alfajiri, marehemu akiwa ameshakwenda shule. Aliporudi alikuta kamba peke yake. Aliuliza swali moja tu, "Alibweka?" Mama akamjibu, "Alibweka." Tangu siku hiyo kaka yangu aliamini kwamba mbwa anayebweka amejimaliza mwenyewe, na hakuna mtu aliyewahi kumtoa kwenye imani hiyo. Nalitaja hili mapema ili baadaye msiseme sikumtendea haki.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini akamaliza mwaka 1963. Alianza shule ya kati mjini Goesan, akaacha mwaka wa pili baba alipofariki. Alama zake zilikuwa mbaya. Mwalimu wa hesabu alimwita kichwa maji mbele ya darasa, na marehemu alilitaja jina la mwalimu huyo kwa chuki mpaka uzeeni. Katika kuweka kinyongo alikuwa hodari kuliko wote waliosoma naye. Mwaka 1971 aliingia jeshini akapangiwa kikosi cha mbwa katika milima ya mashariki, na huko ndiko alikopata elimu yake yote: kamba fupi, sauti nzito, mbwa ajue nani mkubwa. Alitoka mwaka 1974 na elimu hiyohiyo, wala hakuiongeza.

Baada ya jeshi aliajiriwa kuwa mlinzi mwenye mbwa katika kiwanda cha nguo mjini Incheon. Pale kiwandani mbwa wake alimng'ata mshonaji mmoja msichana kwenye paja. Wenzake walidhani mlinzi angekuja kuomba radhi. Alikuja, kweli, na chupa ya dawa, akasimama mlangoni mwa bweni akasema, "Ulimkazia macho. Siku nyingine usimkazie macho." Msichana alimjibu, "Na wewe nikikukazia utaning'ata?" Huyo ndiye Yeom Bunhui, wifi yangu. Walifunga ndoa tarehe 10 Oktoba 1981, na mwaka 1985 wakampata binti yao, Garam. Hawakupata mwingine.

Mwaka 1983 marehemu alikodi kipande cha ardhi nje ya Icheon akafungua kituo chake cha kufunzia mbwa. Wateja wa mwanzo walikuwa matajiri wa Seoul wenye nyumba za ukuta mrefu, na viwanda vilivyotaka mbwa wakali wa kulinda mageti. Mbwa aliletwa kituoni, akaachwa miezi mitatu, na mwenye mbwa alikatazwa kumwona mwezi mzima wa kwanza. Wifi yangu Bunhui ndiye aliyepika: shayiri na vichwa vya kuku, sufuria mbili kubwa kila siku, kiangazi na baridi. Mikono yake ilinuka kuku hata kanisani. Alifariki mwaka 2010 kwa saratani ya tumbo. Asubuhi ya mazishi yake, marehemu aliwalisha mbwa kwanza, akaja amechelewa na buti zenye matope. Nilimwambia siku ile maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya mchungaji.

Lakini kwa kazi alijulikana. Mbwa aliyetoka kwa Mkuu, kama wote mlivyomwita, alitembea gotini pa mtu kama kivuli, alikaa akiambiwa kaa, na hakufungua mdomo. Siku ya kumchukua mbwa, wenyewe walilia kwa furaha pale uwanjani. Chama kilimpa vikombe, navyo vipo kabatini. Hayo yote ni kweli na nayasema bila kinyongo.

Mambo yalibadilika watu walipohamia kwenye maghorofa. Wateja hawakuleta tena mbwa wa kulinda geti. Walileta vijibwa vyeupe vya kukaa kwenye kochi, na shida yao ilikuwa moja: kijibwa kinabweka lifti ikifika, kinabweka kengele ya mlango ikilia, jirani wa juu na wa chini wamechoka, na msimamizi wa jengo ameshabandika tangazo. Marehemu alivipokea kama alivyopokea mbwa wa viwanda. Miezi mitatu uwanjani, kamba fupi, sauti nzito, na siku ya kuvirudisha vilinyamaza kama mawe. Vilifika nyumbani, lifti ikafika, vikabweka.

Kaka yangu hakuwahi kuishi kwenye ghorofa. Kituo chake hakikuwa na lifti, wala kengele, wala jirani. Alikuwa akimfunza mbwa wa ghorofa ya kumi na nne katikati ya shamba, na kijibwa kikirudishwa alisema mwenye mbwa ni mlegevu. Wafunza mbwa wengi wa rika lake walifanya kosa hilohilo, na wengine wapo hapa mbele yangu wamevaa suti nyeusi.

Aliyeliona ni Garam. Alikuwa amesomea utunzaji wa wanyama, akarudi kituoni mwaka 2008 kumsaidia baba yake. Siku moja ya mwaka 2013 alipata mlango mzima kwenye jengo lililokuwa linabomolewa, mlango wa chuma pamoja na fremu yake na kitasa cha namba kinachopiga muziki ukikifungua. Akausimamisha katikati ya uwanja, mlango peke yake, bila nyumba. Nilikuwepo, nilikuwa nimeleta samaki. Marehemu alitoka mabandani akauzunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua.

"Hiki nini?"

"Mlango, baba."

"Naona ni mlango. Wa kwenda wapi?"

"Wa kwenda kwa watu wanaotulipa."

Akabonyeza kengele. Mbwa wote wa kituo, pamoja na wale waliokuwa wamehitimu na kungoja kuchukuliwa kesho yake, walibweka kwa pamoja mpaka mkulima wa jirani akatoka kuangalia kuna nini. Maeng Gicheol, mwanafunzi wa marehemu, aliachia ndoo ya maji. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Kwa mtu mwingine biashara ingezaliwa upya saa ileile. Kaka yangu alisubiri kelele zitulie, akasema, "Gicheol, leta shoka." Chuma hakikukatika, lakini fremu ilikuwa ya mbao, na Garam aliitazama ikiingia jikoni kuwa kuni za kuchemshia shayiri.

Lililowagawa kabisa ni kijibwa cheupe cha bibi mmoja wa Bundang, ghorofa ya kumi na nne. Kilipita kituoni mara tatu na mara tatu kikarudi kubweka. Mara ya nne marehemu alimwambia yule bibi akipeleke kijibwa kwa daktari kikakatwe nyuzi za sauti. Bibi aliondoka analia. Garam alimfuata mpaka nyumbani kwake, akafanya kazi huko wiki kadhaa bila kumwambia baba yake, na kijibwa kikaacha. Habari zilipofika Icheon, marehemu hakuona kwamba mbwa mmoja amepona kisu. Aliona kwamba binti yake amemchukulia mteja na kumwaibisha.

Ndipo ilipofika siku ya mashindano ya chama, vuli ya mwaka 2014. Marehemu alipewa kipaza sauti atoe neno kwa vijana. Akasema, "Kuna watu wananiuliza habari za binti yangu anayehonga mbwa kwa vipande vya nyama. Mimi sina binti. Nina mwanafunzi." Garam alikuwa amesimama kando ya uwanja ameshika kamba za mbwa wawili. Alimkabidhi Gicheol zile kamba, akaenda kituo cha basi. Nanyi mlipiga makofi. Naitazama sasa mikono ileile, imefunikwa glavu nyeupe za kubebea jeneza.

Tangu siku hiyo Garam amefanya kazi yake mwenyewe, nyumba kwa nyumba, anakaa sakafuni kwa watu na begi lake la vipande vya kuku. Na marehemu aliendelea na kituo pamoja na Gicheol, mabanda yakipungua mwaka hadi mwaka. Baba na binti waliishi mbali kwa kilomita hamsini, na kila mmoja akapita kwangu sokoni kuuliza habari za mwenzake kwa kujifanya anachagua dagaa.

Februari mwaka huu madaktari waligundua saratani ya mapafu. Mgonjwa hospitalini anahitaji mtu wa kukaa naye, na marehemu aliwafukuza watunzaji watatu wa kulipwa kwa mdomo wake tu. Gicheol alikuja mara mbili na katoni ya juisi. Simlaumu sana, mbwa hawangoji. Mabwana wa chama mlituma maua makubwa yenye utepe. Maua hayamgeuzi mgonjwa kitandani. Garam alikuja. Alikuja kila siku baada ya kazi, kuanzia Aprili, akiwa bado na manyoya ya mbwa kwenye suruali. Marehemu hakumsemesha. Alizungumza naye kupitia mgonjwa wa kitanda cha pili, Bwana Ju, dereva wa basi mstaafu, ambaye hakuomba kazi hiyo.

"Bwana Ju," marehemu alisema, "mwambie huyo anayekata pea kwamba vipande ni vikubwa. Anataka nisongwe nife haraka."

"Binti, baba yako anasema..."

"Sikusema baba yake. Nimesema huyo."

"Bwana Ju," Garam akajibu, kisu mkononi, "mwambie huyo mgonjwa kwamba jana nilikata vidogo, akasema analishwa kama kuku."

Bwana Ju akaweka gazeti chini. "Nimeendesha basi miaka thelathini na tano. Nimebeba walevi, nimebeba wanajeshi. Abiria wagumu kama ninyi wawili sijawahi."

Pea ililiwa yote. Nilikuwa naiona sahani.

Siku moja ya Oktoba Bwana Ju alikuwa amepelekwa kupigwa picha ya kifua, na kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Nilikuwa nimekaa dirishani. Marehemu alimtafuta mkalimani wake, akamkosa. Mwishowe akasema na dari.

"Yule kijibwa mweupe wa Bundang. Bado anabweka?"

Garam aliacha kukunja taulo. "Alikufa kwa uzee mwaka juzi. Miaka yake yote ya mwisho lifti ikifika alikuwa anapiga miayo."

"Ulifanyaje?"

Garam akavuta kiti akamweleza. Alirekodi sauti ya lifti ya jengo lile. Aliipiga kwa sauti ya chini mno wakati kijibwa kinakula, jikoni, mbali na mlango. Marehemu alifumba macho, nikadhani amelala, kumbe anasikiliza.

"Chini kiasi gani?"

"Kiasi kwamba mtu haisikii."

"Na mbwa?"

"Mbwa anasikia, lakini haimtoi kwenye sahani."

"Halafu ukapandisha."

"Nikapandisha kidogo. Akiinua kichwa, narudi chini."

"Na sahani?"

"Naisogeza kuelekea mlangoni. Hatua kwa hatua, baba."

Aliuliza mengine mengi, ya kazi tupu, na Garam akajibu yote. Mpaka chakula cha jioni kinaletwa walikuwa bado kwenye kile kijibwa. Marehemu alipomaliza kuuliza alisema, "Upuuzi." Kisha akasema, "Kesho leta pea laini. Hizi ngumu." Bwana Ju akaingizwa na kiti chake cha magurudumu akauliza kama amekosa lolote, na marehemu akamjibu kwamba hakuna.

Msinielewe vibaya, sileti kisa cha machozi. Hakuomba radhi. Alichosema uwanjani hakukifuta, na nilimngoja akifute mpaka nikachoka. Angekuwa na wiki moja zaidi nadhani asingekifuta vilevile. Nilimpenda kaka yangu na nimemkasirikia maisha yangu yote, na hata sasa akiwa ndani ya sanduku nimemkasirikia.

Marehemu aliaga dunia Alhamisi tarehe 16 Novemba, saa tano asubuhi, katika hospitali hiyohiyo ya Icheon, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu. Garam alikuwa ameshika mguu wake, maana mikono yote ilikuwa na sindano.

Sasa nieleze ya jana, kwa kuwa nayo yameingia kwenye maisha ya marehemu, mkipenda msipende. Tulikuwa kwenye ukumbi wa msiba, wageni wanakula supu kali ya nyama. Mwenyekiti wa chama, Bwana Pyo, alikuja mezani kwangu na wenzake wawili.

"Dada, pole tena."

"Nimeshapoa. Sema."

"Hili la picha. Wenzangu wanaona afadhali ashike Gicheol."

"Wenzako wana sababu?"

"Mkuu mwenyewe alisema hana binti. Alisema kwa kipaza sauti, Dada. Sisi tunaheshimu neno la marehemu."

"Marehemu alisema pia kwamba wewe huwezi kumfunza hata bata. Na hilo mnaliheshimu?"

Mmoja wa wenzake akacheka ndani ya bakuli lake la supu. Bwana Pyo hakucheka.

"Dada, tusivunjiane heshima. Picha inashikwa na mwanamume. Na huyo binti na vipande vyake vya kuku ndiye aliyetuulia kazi. Watu hawaleti mbwa tena, wanamwita yeye sebuleni kwao. Leo tumfuate nyuma mlimani mbele za watu? Tutaonekana nini?"

"Sasa umesema," nikamwambia. "Ungeanza na hapo tungeokoa muda."

"Basi ujue. Akishika yeye, sisi hatubebi."

Garam alikuwa kwenye sinki anaosha vikombe vya wageni, na ukumbi ule si mkubwa. Alikuja na mikono yenye povu. "Shangazi, acha. Ashike Gicheol. Baba afike juu tu, mengine basi."

Huyo ndiye mtoto wao anayeua kazi. Yuko radhi kumfuata baba yake kama mgeni wa mbali, mradi baba yake abebwe. Nilimwambia arudi kwenye vikombe vyake, maana ningeongea zaidi ningelia mbele ya Bwana Pyo, na raha hiyo sikutaka kumpa. Gicheol mwenyewe alikuwa meza ya pembeni. Alikuwa anakoroga wali kwenye supu ambayo ilikuwa imeshapoa.

Mabwana, mlisema mnaheshimu neno la marehemu. Neno hilo nililisikia, nilikuwepo, na sitadanganya hapa kwamba alilifuta. Lakini mtu hawezi kumfuta mtoto kwa kipaza sauti. Wifi yangu Bunhui alimzaa Garam akiwa na miguu iliyovimba, kwenye chumba kilicho nyuma ya mabanda, na marehemu alikuwa nje anamfokea mbwa aache kulia. Baadaye aliingia, akamwangalia mtoto, akaenda kununua mwani wa supu ya mzazi kwa baiskeli kwenye theluji. Supu aliipika mwenyewe, na ilikuwa mbaya. Niliionja. Chama hakikuwepo siku hiyo.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Bang Garam, mwenye umri wa miaka thelathini na minane. Ameacha dada mmoja, mimi. Ameacha mwanafunzi, Maeng Gicheol, aliyesafisha mabanda yake kwa uaminifu, na mbwa kumi na mmoja ambao Gicheol anawatunza mpaka tupange. Mtoto wa kiume hakuacha, na hatutamwazimia.

Jeneza lina kamba sita za kubebea. Moja ni yangu. Nina miaka sitini na sita na nimebeba magunia ya samaki tangu kabla baadhi yenu hamjaoa. Mbili zimechukuliwa na wale wanawake wawili waliosimama nyuma kwa makoti marefu, wateja wa Garam, ambao hawakumjua marehemu hata kwa sura. Mmoja ni binti wa yule bibi wa Bundang. Dereva wa gari la jeneza amekubali ya nne, nimemwomba asubuhi. Bwana Ju ametuma salamu, alitaka ya tano, nimemkatalia kwa sababu ya mapafu yake. Gicheol, hiyo ya tano ni yako ukiitaka, na hakuna atakayekuuliza kwa nini jana ulinyamaza. Ya sita iko wazi kwa yeyote wa chama ambaye hakupiga makofi siku ile. Isipochukuliwa, tutapanda tumeinamia upande mmoja, lakini tutafika.

Garam, mwanangu, ondoka hapo nyuma uje mbele. Chukua picha ya baba yako, ishike kwa mikono miwili kifuani, utangulie. Usigeuke kutazama nani anafuata.

Kaka, twende. Lala salama karibu na mama, na huko usimfokee mtu.